Msomaji wa Kawaida

Jumatatu, 3 Juni

Nimeambiwa nimepitiliza. Mzee wa Kadi, yaani mhariri mkuu, ndiye aliyesema, baada ya chai, macho dirishani. Mwanangu, akasema, chakula kikikaa sana jikoni hatusemi kimeiva, tunasema kimeungua. Nikauliza nani ameungua. Akasema mimi.

Niandike vizuri, nijielewe mwenyewe. Kazi yangu hapa kwenye ofisi ya kamusi ni kutojua. Barua ya ajira inasema hivyo kwa adabu: msomaji wa kawaida. Mwandishi anaandika maana ya neno kwenye kadi. Neno lenyewe linafunikwa kwa kipande cha boksi. Nasomewa maana peke yake, nahesabiwa hadi kumi, nataja neno. Nikilipata, kadi inagongwa muhuri wa kijani na kuingia kabatini, tayari kwa kamusi. Nikilikosa, inarudi kwa mwandishi akaifumue. Walinichukua kwa sababu shule niliishia njiani. Ni kazi pekee niliyopata kwa sifa hiyo.

Sasa imetimia miaka mitatu na sikosi tena. Mzee anasema sipati kwa kuwa maana ni nzuri, napata kwa kuwa nimemzoea mwandishi. Kweli tupu. Mwandishi wetu tunamwita Bwana Yaani, maana hata chumvi haombi bila kuanza na yaani. Bwana Yaani hawezi kueleza ndege bila kutaja mkia. Asipotaja mkia, ni kuku.

Kwa hiyo Jumatatu ijayo nashindanishwa na Bawabu wa getini. Kadi ishirini kila mmoja. Atakayeonekana wa kawaida zaidi anakaa kwenye kiti changu. Kiti kikienda, na chumba cha uani ninachopewa na ofisi kinakwenda. Chumba kikienda, Nukta anakwenda.

Nukta ana miaka minne. Sikumzaa. Mama yake alifariki wiki ile ile ya uzazi. Mimi niliolewa mtoto ana miezi mitano, nikamkuta anakohoa ndani ya shuka la hospitali, na tangu siku hiyo kikohozi chake ni changu. Baba yake alianguka kazini mwaka jana, akatangulia. Tumebaki mimi, Nukta na mavyaa, mama wa marehemu mume wangu.

Mavyaa alikuja jana. Alikaa ukingoni mwa kitanda kama kitanda kina upele. Akasema mtoto ni wa ukoo. Akasema mama wa kambo ni mgeni aliyesahau kuaga. Ameshamwandikia afisa ustawi. Kisha akala vizuri na kuondoka.

Mpango: kuwa mjinga. Wiki moja inatosha.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza. Kadi ya kwanza: kitu chenye miguu minne na mahali pa kuegemea, hutumika kukalia. Nilijua ni kiti kabla hawajafika kwenye miguu. Nikatazama dari. Nikaacha wahesabu hadi tisa. Nikasema punda.

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaandika jambo kwenye daftari lake kwa mkono wa furaha. Bwana Yaani hakuwa na furaha. Alikaa na kiti hicho siku mbili. Akaniuliza kwa sauti ya msibani, yaani punda ana mahali pa kuegemea? Nikamwambia inategemea punda.

Alirudi saa nane na kadi mpya. Kitu kisicho na uhai, kisichokula, chenye miguu minne na mahali pa kuegemea, hutumika kukalia. Hapo nikasema kiti. Ningesema nini tena, mtu ameshapoteza chakula cha mchana.

Baadaye jua. Nikasema taa. Ameongeza kwamba ni nuru "isiyozimwa na mtu". Kijiko nikasema kikombe chenye mkia. Aliondoka amezikumbatia kadi zake kifuani kama vifaranga vilivyonyeshewa.

Nukta hushinda chini ya meza ya korido, anachora migongoni mwa kadi zilizoharibika. Leo amepata karatasi nyingi kuliko siku zote. Aliniuliza kama nimekosa vizuri. Nikamwambia nimekosa vizuri sana. Akanipa mchoro. Ni mimi, nina miguu minne.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Bawabu amejaribiwa asubuhi, na ni bora kuliko mimi.

Walimsomea maana ya ungo. Akafikiri kwa uso wote. Akasema hicho kitu anakijua, nyumbani kwao kipo, kimetundikwa nyuma ya mlango, mkewe amemkataza kukikalia, ila jina limemtoka. Mzee alikaribia kupiga makofi. Kawaida ya Bawabu ni ya kuzaliwa nayo. Yangu ni ya kuchonga, na vibanzi vya mbao bado vinaonekana.

Mpango wa pili, wa kisasa zaidi: nimfundishe. Akijua mengi atapitiliza kama mimi, tena kwa haraka. Wakati wa chai nikachomoa droo ya K kabatini, nikaificha chini ya khanga, nikampelekea getini. Nikamwambia kaka, siku ni ndefu na geti halisemi, soma. Alinitazama muda mrefu. Akasema katika maisha yake watu wamempa vitu vya kushika, hakuna aliyewahi kumpa kitu cha kusoma. Akanawa mikono kwanza ndipo akafungua.

Sikupenda hiyo ya kunawa mikono. Lakini vita ni vita.

Alasiri wakaleta maneno ya jamaa na ukoo, yanakaguliwa upya kwa toleo jipya. Moja: mwanamke aliyezaa au anayelea mtoto. Kadi hiyo ni yangu. Ndiyo ya kwanza niliyosomewa siku ya kuajiriwa, Nukta mgongoni, nikajibu hata hawajaanza kuhesabu. Leo nilikuwa nimechoka. Nukta amekohoa tangu alfajiri, na mdomo wangu umeshazoea kwenda kombo wenyewe. Nikasema yaya.

Bwana Yaani akakuna kidevu. Akasema, yaani, ni kweli, yaya naye analea. Akaichukua kadi akaondoka nayo.

Hiyo ni ya tano kwa siku moja. Najivunia.

Alhamisi, 6 Juni

Afisa ustawi amekuja bila taarifa. Mwanamke mpole, viatu vya kutembea, faili kwapani. Akakagua chumba. Akagusa godoro, akafungua dirisha, akalifunga, akahesabu vikombe. Nilikuwa nimepiga deki jana, Mungu mkubwa.

Akachuchumaa akamuuliza Nukta mama hufanya kazi gani. Nukta akajibu kwa heshima zote: mama anasomewa vitu, halafu hajui. Afisa akaandika. Nikaeleza. Akaandika zaidi. Maelezo yangu yalichukua mistari minne na nilivyoona uso wake, mistari yote minne ilisema lile lile la mtoto.

Halafu akanionyesha fomu. Kuna mahali pameandikwa: uhusiano na mtoto. Pako wazi. Nikamwambia andika mama. Akasema dada yangu, ningependa, lakini cheti cha kuzaliwa kina jina la marehemu, na bibi yake mtoto amesema hukumzaa. Mimi naandika kinachoshikika mkononi. Nikauliza itakuwaje nikiwa na maandishi yanayosema anayelea ni mama. Maandishi ya watu wasomi, yenye muhuri. Akafikiri. Akasema hayo ataambatisha, na yatakuwa na uzito, kwa sababu upande wa pili nao hawana ila maneno ya mdomo. Atarudi Jumanne, na mavyaa atakuwepo.

Nusura nicheke mbele yake. Maandishi ninayo. Yako kabatini, droo ya M, yana muhuri wa kijani wa miaka mitatu.

Kadi hazitoki kabatini isipokuwa kwa mkono wa Mzee, ndiyo sheria yake. (Droo ya K haihesabiki, ile iliazimwa.) Nikamwomba aje nayo Jumanne aisome mwenyewe. Alisimama wima. Akasema miaka thelathini yuko kwenye kazi hii na ni mara ya kwanza mtu kuihitaji kamusi kwa shida ya kweli.

Mpango wa tatu umejiunda wenyewe. Leo nimekula nikashiba.

Jumamosi, 8 Juni

Bawabu amemaliza K. Jana akaomba L, leo ameomba M. Anasoma kama mtu aliyekuwa na kiu ya miaka. Geti limekuwa wazi siku mbili, mbuzi wawili wameingia hadi masjala. Mambo yanakwenda vizuri.

Ila adhuhuri alinifuata nikiwa naanika nguo za Nukta. Akaanza kwa kuzunguka. Dada, akasema, kadi ya mama, lini umeiona kwa macho yako? Nikamkatiza hapo hapo. Najua mchezo huo. Keshokutwa tunashindana, naye anataka kunivuruga akili mahali panapouma. Nikamwambia kaka, mambo ya mama niachie mama, wewe tazama mbuzi wako.

Akasema sawa, Mama Nukta. Alisimama kidogo na soksi moja mkononi, ilikuwa imeanguka, akaitundika kwenye kamba, akaenda zake.

Mjanja kweli. Lakini hakunipata.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya shindano.

Aliingia Bawabu kwanza, mlango ukafungwa. Nikakaa korido na Nukta, nikimsuka ili mikono iwe na kazi. Alipotoka uso ulikuwa mrefu kama wa mtu aliyetumwa kupeleka habari za kifo. Nikadhani amekosa zote, moyo ukanishuka hadi kwenye kandambili.

Nikaingia mimi. Nimekosa kumi na saba. Tatu nimezipata kwa bahati mbaya, ulimi uliteleza. Mwavuli nimesema uyoga. Mlango nimesema ukuta mwenye huruma. Hiyo hata Bwana Yaani ilimgusa, nilimwona akiinakili pembeni.

Kumbe Bawabu amepata ishirini kwa ishirini. Kadi zote zimegongwa muhuri papo hapo. Mzee akatangaza kwamba mtu kama huyo hawezi kuachwa getini, kuanzia leo ni msaidizi wa Bwana Yaani, na atapewa meza. Kisha akanigeukia akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema alinihukumu haraka. Akasema hajapata kuona ukawaida ulioshuka chini hivi na kurudi salama.

Nimebaki! Kiti changu, chumba changu. Nimemnunulia Nukta peni ya rangi nyekundu. Kesho Mzee anasoma kadi na mavyaa anarudi kwao mikono mitupu. Nimemfulia Nukta gauni la njano ili afisa aone.

Jumanne, 11 Juni

Naandika kwa sababu nimezoea kuandika.

Tulikaa chumba cha kusomea. Afisa na fomu yake. Mavyaa na kikapu, ndani yake blanketi jipya la mtoto, bado na lebo. Nukta kwenye mapaja yangu, gauni la njano. Bwana Yaani alikuja bila kualikwa, na msaidizi wake mpya akasimama mlangoni akitazama sakafu.

Nilizungumza vizuri. Nilisema mimi sikusoma sana, lakini nyumba hii ndiyo inayoambia watu wote neno gani ni nini, na nyumba hii imeandika mama ni nani. Nikamwashiria Mzee. Mzee akakohoa, akainua kadi, akasoma kwa sauti yake ya sherehe.

Mama. Mwanamke aliyezaa mtoto.

Nikangoja aendelee. Akaishusha kadi.

Nikamwambia Mzee, umeruka. Akaitazama, akaigeuza, akanionyesha. Ilikuwa mpya. Karatasi nyeupe, wino mbichi, muhuri wa kijani wa jana. Bwana Yaani akasogea mbele kwa fahari ya kumtendea mtu wema. Akamweleza afisa kwamba maana ya zamani ilikuwa na kasoro, yaani ilikuwa inaingiza na yaya, na aliyegundua kasoro hiyo si mwingine, ni huyu huyu dada aliyekaa hapa. Kwa hiyo "au anayelea" kaifuta. Jana kadi imejaribiwa na kueleweka mara moja.

Nikamtazama Bawabu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba waliisoma, na yeye akaulizwa ni nani, na jibu lilikuwa moja tu.

Mzee akaona ninazama, akataka kunishika mkono. Akamwambia afisa kwamba anaweza kuapa juu yangu. Kwa miaka thelathini hajafanya kazi na mtu wa kawaida zaidi. Akasema wiki moja tu iliyopita nilishindwa kutambua kiti, jua, kijiko, na mama. Akasema hayo kama anayenivisha taji.

Afisa hakuandika hilo. Namshukuru. Aliandika kwenye nafasi ile neno moja: mlezi. Akasema mtoto atakaa kwa bibi yake hadi mwisho wa mwaka, kisha watatazama tena. Niende kumwona Jumapili mchana.

Mavyaa hakushangilia. Ningempenda zaidi kama angeshangilia. Alifunga kikapu chake, akasema polepole, mwanangu, hata kitabu chenu.

Jumatano, 12 Juni

Nimemfunga mizigo. Sweta mbili, gauni la njano, peni nyekundu, dawa ya kifua.

Sikulia. Jana nilijiambia sitalia, na sikulia. Nilimwambia mavyaa mambo matatu, na nilimwambia kama anayeagiza, si kama anayeomba. Dawa ni baada ya chakula, si kabla. Asilazwe upande wa dirisha. Na hawezi kupata usingizi mpaka ashike sikio la mtu.

Mavyaa akauliza sikio lipi. Nikamwambia la kushoto.

Akaitikia kwa kichwa. Nikaona anajigusa la kwake, kama anapima.

Nukta alivaa viatu kinyume, nikapiga magoti nikamgeuzia. Alininong'oneza akiuliza kama jana nilikosa vizuri. Nikamwambia jana sikukosa, mwanangu, nilikuwa nimeshakosa zamani. Hakuelewa. Akanipa shavu. Alitembea hadi getini ameshika kikapu cha bibi yake, na geti lilikuwa wazi, siku hizi halina mtu wa kulifunga.

Alasiri nilisomewa kadi kumi na moja. Nimekosa zote, na sikujaribu.

Ijumaa, 14 Juni

Bawabu, samahani, Msaidizi, amekuja mezani kwangu na viti viwili na chai mbili. Aliniletea njia. Amesoma kanuni za ofisi, sasa anasoma kila kitu. Kanuni inasema msomaji akikiri kwamba jibu lake halikuwa la kweli, kadi inarudi kama ilivyokuwa. Akasema dada, mwambie Mzee ulikuwa unajua. Neno moja. Kadi ya zamani ipo, sikuitupa, nimeiweka kwenye kitabu changu ili isikunjike. Itagongwa upya, tutampelekea afisa leo leo.

Akaitoa. Ni ile yenyewe. Mwanamke aliyezaa au anayelea mtoto. Pembeni ina alama ya jino, Nukta aliwahi kuitafuna alipokuwa anaota meno.

Niliishika. Nilikaribia.

Lakini mtu lazima afikiri mbali. Nikikiri, Mzee ataniondoa kwenye kiti. Kiti kikienda, chumba kinakwenda, na afisa akirudi mwisho wa mwaka atakuta sina pa kuweka godoro. Hapana. Nilimshukuru, nikamrudishia kadi yake, nikamwambia kaka, wewe ni mtu mwema lakini kazi hii hujaijua bado. Akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya droo ya K. Akanywa chai zote mbili, maana mimi sikuweza.

Kwa sababu mpango ninao. Nimechungulia rundo la Jumatatu. Maneno ya jamaa yanaendelea, na ya pili kutoka juu ni bibi. Mwanamke aliyemzaa baba au mama wa mtu.

Nitatazama dari. Nitaacha wahesabu hadi tisa. Nitasema mgeni. Bwana Yaani atakuna kidevu, atasema yaani kweli, bibi naye huja kama mgeni, na mimi namjua kuliko anavyojijua, ataongeza: ajaye kusalimia akarudi kwake. Muhuri wa kijani. Afisa akija, Mzee atasoma, na hata mavyaa hatakuwa na la kusema, maana kitabu ni kitabu.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mara nane. Nimeshika sikio langu la kushoto, hunisaidia kutuliza uso.

Safari hii nitakosa vizuri.